Anapanda mgongoni nikisujudu: maswali yenu kuhusu ibada na watoto wadogo

Jumbe za safari hii zimetoka Ujiji mpaka Sikonge, na karibu zote zinamhusu mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Huo ndio umri ambao mtoto anatembea lakini hasikii, anaongea lakini haeleweki, na kila mtu mzima wa nyumba ana neno la kusema juu yake. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi kliniki ya mama na mtoto, na katika ukoo wetu wapo wanaoswali na wapo wanaoimba kwaya, kwa hiyo nitajibu kwa pande zote mbili. Msimamo wangu niuseme mapema: mtoto wa umri huu Mungu hajamwekea faradhi hata moja. Wanaomdai ni sisi. Mengi mliyoniuliza yanaanzia hapo.

Shikamoo shangazi. Mwanangu ana mwaka na miezi minane. Nikianza kuswali tu anakuja. Nikirukuu anapita chini ya tumbo, nikisujudu anapanda mgongoni, nikikaa tahiyatu ananivua mtandio. Mume wangu anasema swala yangu haina khushui, yaani utulivu wa moyo, nimfungie chumbani mpaka nimalize. Nikimfungia analia mpaka anatapika. Nifanyeje? (Mama, Ujiji)

Marahaba mwanangu. Usimfungie.

Mumeo akumbuke tuliipokea swala hii kutoka kwa nani. Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zainab. Akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba tena. Hadithi hiyo imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Iko na nyingine, ameipokea Nasai, ya sijda aliyoirefusha mpaka maswahaba wakadhani kuna jambo limetokea au wahyi unateremka. Walipomuuliza aliwaambia kwamba mwanawe alikuwa amempanda, naye hakupenda kumharakisha mpaka atosheke. Huyo alikuwa mjukuu wake, Hassan au Hussein. Imamu wa umma mzima, na safu za watu nyuma yake, alimsubiri mtoto amalize mchezo. Wewe uko chumbani kwako, hakuna anayekungoja. Baki kwenye sijda, mtoto atashuka mwenyewe.

Ninachokihofia mimi ni kingine. Mama akiwa kwenye swala macho yake yako chini na mtoto anazunguka peke yake. Basi kabla ya takbira epua sufuria, sogeza jiko, funika ndoo. Nimewahi kumpokea mtoto aliyetumbukia kichwa chini kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, na maji hayakufika hata nusu. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito kuliko miguu, akiinama kuchungulia hawezi kujinyanyua. Funga mlango wa nje, lakini yeye abaki ndani pamoja nawe.

Mtandio achana nao, vaa ile nguo ya kuswalia iliyoshonwa, ya kuvaliwa kichwani nzima, hiyo hawezi kuivua. Mtandikie na yeye kipande cha khanga pembeni yako. Utamwona anaweka paji la uso chini, makalio ameyainua juu, anakuchungulia kwa chini ya kwapa aone kama na wewe umeinama. Anajifunza, na hakuna aliyemfundisha kwa mdomo. Kama nepi imevuja ikakufikia nguoni, badilisha nguo uanze upya. Kama haijakufikia, usijitie wasiwasi. Mumeo naye akiwepo nyumbani ampokee mtoto wewe uswali kwa utulivu, kisha wewe umpokee na yeye aswali. Amri ya kuwaamrisha watoto swala imekuja kwa umri wa miaka saba, na huyu wako bado ana zaidi ya mitano ya kupanda migongo.

Tangu mwanangu aanze kutembea sijakaa ibada nzima. Jumapili iliyopita mzee mmoja alinifuata akaniambia nitoke naye nje mpaka atakapojua adabu. Nilikaa chini ya mwembe hadi watu wakatoka. Sitaki kurudi tena. (Dada, Isevya, Tabora)

Rudi, mdogo wangu, tena Jumapili hii hii, kabla uchungu haujakomaa.

Unaijua habari iliyo katika Marko sura ya 10. Watu waliwaleta watoto, wanafunzi wakawakemea walioleta, na Yesu akachukizwa. Siku ile Yesu hakuwakemea watoto, wala mama zao. Kisha aliwakumbatia, akaweka mikono juu yao, akawabariki, na haikuandikwa kwamba kwanza walinyamazishwa.

Upande wako, yapo ya kusaidia. Mlishe kabla hamjaingia. Kaa kando karibu na mlango, usikae katikati ya benchi. Mahubiri yakianza mfunge mgongoni kwa mbeleko, usimame nyuma ukitikisika taratibu, wengi hulala hapo hapo. Mpe kitu kisicholia, kitambaa chenye mafundo kwa mfano, wala si funguo na si biskuti ya karatasi. Akipiga kelele toka naye, lakini rudini mara anaponyamaza. Akishagundua kwamba kelele zinamfikisha nje kwenye mchezo, atazipiga kila wiki.

Yule mzee mwendee siku ya kazi, nyumbani kwake, umsalimie kwa heshima. Mwambie, "Mzee wangu, nikibaki nje miaka miwili nitakuwa nimeachwa nyuma mimi na mtoto pia." Wazee wengi hawajawahi kuambiwa hivyo na mama mwenyewe. Na viongozi wa makanisa na misikiti wanaosoma hapa nawaomba jambo moja dogo: tengeni benchi mbili au mkeka mmoja wa mama wenye watoto, mahali wanaposikia na kuona. Mtume (s.a.w.) alikuwa akisikia mtoto analia nyuma anafupisha swala, kwa kujua jinsi kilio kile kinavyomuumiza mama. Hakuagiza mama atolewe.

Binti yangu wa miaka miwili anashika kila kitu kwa mkono wa kushoto. Bibi yake anataka tuufunge kitambaa. (Baba, Mwanga, Kigoma)

Msiufunge. Mkono anaoupendelea mtoto huonekana vizuri kati ya miaka miwili na minne, ameumbwa nao, na kuufunga kunamtia hofu bure. Kwa chakula, keti kushoto kwake, mwekee tonge au kijiko kwenye mkono wa kulia, sema Bismillahi, mle pamoja. Akibadilisha, mrudishie bila kukunja uso. Mtume (s.a.w.) alipomwona kijana aliyekuwa akilelewa nyumbani kwake anazungusha mkono sahani nzima, alimwambia tu ataje jina la Mungu, ale kwa kulia, na ale kilicho mbele yake. Hakumpiga kibao cha mkono. Kuchora, kurusha mpira na kushika fagio, mwachieni kushoto kwake.

Mtoto wangu ana miezi kumi na sita. Amekonda, tumbo limetoka, bado hajatembea. Nina mimba ya miezi mitatu. Mama mkwe anasema mtoto amebemendwa kwa sababu hatukuvumilia, na kwamba maziwa yangu sasa ni sumu, nimwachishe leo kwa kupaka shubiri. Ameshamleta mama mmoja wa dawa za miti. Mume wangu amenyamaza. Naona aibu hata kwenda kliniki. (Mama, Kasulu)

Mwanangu, beba kadi yake uende kliniki kesho asubuhi. Haya mengine uyasome ukiwa njiani.

Imani hii ya kubemenda nimeikuta Kasulu, nimeikuta Urambo. Wanasema wazazi wakikutana kimwili mtoto akiwa bado mdogo, au baba akitoka nje ya ndoa, basi mtoto hudhoofika. Wazee walikuwa na macho. Waliona kwamba mama akishika mimba nyingine mapema, aliyeko mgongoni hukonda, na hilo ni kweli. Walipokosea ni kwenye sababu. Tendo la baba na mama halimgusi mtoto. Kinachotokea ni kwamba mimba inapunguza maziwa, mama ana kichefuchefu na uchovu, mtoto anaachishwa ghafla, anabaki na uji mwepesi mweupe wa muhogo ambao unajaza tumbo na haumjengi mwili. Ikija malaria, na mikoa yetu hii miwili, Kigoma na Tabora, inaumwa sana malaria, au kuhara, au minyoo, anaporomoka. Na mara nyingine nyuma ya kukonda kule kuna kifua kikuu au virusi vya UKIMWI, ambavyo vyote vina dawa. Ndiyo maana nasema kwa uchungu: aibu ya kubemenda imezika watoto waliokuwa wanatibika. Mama anaogopa kuchekwa na wenzake kliniki, anamficha mtoto chini ya khanga, na siku anapomfunua pameshakuwa mbali.

Pale watampima uzito na urefu, na watamzungushia mkono wa juu ule utepe wa rangi. Mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali, ataanzishiwa matibabu na chakula dawa mara moja. Ukiwa kati ya 11.5 na 12.5, ni wa wastani, na hapo pia hutarudi mikono mitupu. Muuguzi atabonyeza miguu yote miwili juu ya wayo, panapobaki shimo kuna uvimbe, na mtoto wa namna hiyo halali nyumbani. Omba apimwe malaria, wingi wa damu na VVU. Uliza kama amepata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo katika miezi sita iliyopita. Akifika miezi 18 ana chanjo ya pili ya surua na rubela, usiipitishe. Kuhusu kutembea, mtoto mwenye afya anaweza kuchukua mpaka miezi 18, hilo peke yake lisingenishtua. Linanishtua kwa kuwa limekuja pamoja na kukonda.

Maziwa yako si sumu. Yanaweza kupungua na ladha ikabadilika, baadhi ya watoto huyaacha wenyewe, lakini ya mama mjamzito ni maziwa yale yale. Kama huna damu inayotoka, na hukuwahi kujifungua kabla ya wakati, kwa kawaida unaweza kuendelea kunyonyesha, na muuguzi atakuthibitishia kwa hali yako. Lililo la lazima ni chakula kuongezeka, chako na chake. Mtoto huyu anahitaji milo mitatu mpaka minne kwa siku na kitu cha kutafuna katikati mara moja au mbili. Uji uwe mzito kiasi cha kutochuruzika kwenye kijiko, uwe na karanga zilizosagwa na unga wa dagaa. Maharage yaponde, utie kijiko cha mawese. Na mawese yawe mekundu, mwanangu. Akina mama wengi huyachoma juu ya moto mpaka yanageuka meupe ili yasinuke. Ule wekundu ndio mwili unaugeuza vitamini A, na moto mkali unaumaliza. Yapashe tu yayeyuke. Parachichi na ndizi hazikosekani Kasulu, mpe.

Shubiri na pilipili sitaki kuzisikia. Mtoto aliyedhoofika ananyang'anywa ziwa, na papo hapo mama yake anageuka kuwa kitu kichungu.

Sasa mumeo. Hujaniambia dini yenu, basi nasema kwa zote. Katika Qur'ani, aya ya 233 ya Suratul Baqara, kunyonyesha ni miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na wakitaka kumwachisha kabla, iwe kwa kuridhiana na kushauriana wao wawili. Katika Samweli wa Kwanza, Hana hakupanda kwenda Shilo mpaka mtoto alipoacha kunyonya, na mumewe Elkana ndiye aliyemwambia afanye aonavyo vema. Kote kuwili baba ana kauli. Mumeo hana ruhusa ya kunyamaza. Amwambie mama yake kwa upole kwamba mnakwenda kliniki, na kwamba mnamwomba aende pamoja nanyi. Mama mkwe huyo anampenda mjukuu wake, ndiyo sababu anahangaika hivyo. Akimsikia muuguzi mwenyewe, akamwona mtoto ananenepa mwezi ujao, atakuwa msaidizi wako mkubwa wakati wa kujifungua.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, wakati wa giza analala ziwani. Mwezi ukiwa mkubwa anabaki nyumbani, lakini mtoto wetu wa miezi ishirini anamkimbia na kulia. Mume ameumia, anasema nimemfundisha mtoto kumchukia. (Mama, Kibirizi)

Hujamfundisha, na mtoto hamchukii. Kwa umri wake, mtu aliyeondoka wiki mbili amekuwa mgeni, na kumwogopa mgeni ni dalili ya akili inayokua vizuri. Mvuvi anarudi ameungua na upepo, ananuka taa na dagaa, ana ndevu ambazo hazikuwepo, kisha anamdaka mtoto anamrusha juu kwa furaha. Mtoto lazima alie.

Mwambie baba akifika aoge, akae chini mkekani, asimwite wala asimfuate. Ashike kitu cha kuvutia, apasue karanga, aviringe kipande cha wavu, amwangalie mtoto kwa pembeni tu. Mtoto atasogea mwenyewe, atagusa goti, atakimbia, atarudi. Siku ya pili baba ashike kazi moja ya kila siku iwe yake: kumwogesha jioni, au kumlisha uji wa asubuhi. Mapenzi ya mtoto mdogo hukaa kwenye kazi hizo. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, maisha yalikuwa magumu huku kwetu, lakini niliwaona wanaume wa mialoni wakitembea na watoto mabegani, watoto ambao kabla ya hapo walikuwa wanajificha nyuma ya mama zao. Hawakufanya la ajabu, walikuwepo tu.

Na usiku wa giza wewe una kazi yako. Mkiomba kabla ya kulala, mtaje baba kwa jina ambalo mtoto anamwitia: "Mungu mlinde baba ziwani, mrudishe salama." Mwonyeshe zile taa kule mbali majini, mwambie baba yuko pale. Mtoto anayesikia jina la baba yake kila usiku hatampokea kama mgeni, na wewe mwenyewe utalala na moyo mwepesi.

Bibi amemfunga mwanangu hirizi shingoni, anasema ni kinga ya jicho. Mimi moyo unakataa lakini namheshimu bibi. (Mama, Ng'ambo, Tabora)

Kwanza kama muuguzi: kamba yoyote shingoni mwa mtoto anayepanda na kushuka huweza kunasa ikamkaba, na ile hirizi ataitafuna siku moja ikiwa imelowa jasho na uchafu. Itoke leo. Ukiitoa, usiitupe mbele ya bibi. Mrudishie mkononi kwa adabu, umwombe kinga iliyo bora. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwakinga Hassan na Hussein kwa kuwasomea: najikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia, na kila shetani, na kila mdudu mwenye sumu, na kila jicho lenye madhara. Mwambie bibi, "Naomba wewe ndiye umsomee kila jioni, ukiweka mkono kichwani pake." Bibi alitaka kumlinda mjukuu, usimwache mikono mitupu.

Mimi ni baba, nimeokoka. Binti yangu ana miaka miwili na miezi mitatu. Akinyimwa kitu anajibwaga chini, hata sokoni mbele za watu. Biblia inasema asiyetumia fimbo humchukia mwanawe. Mke wangu ananizuia. Nani yuko sahihi? (Baba, Urambo)

Mkeo.

Mstari huo wa Mithali 13 naujua, na sikuambii uufute. Nakuambia umwangalie aliye chini pale sokoni. Ana miaka miwili. Maneno anayoweza kuyaunganisha ni mawili au matatu, na hasira iliyomjaa inahitaji maneno mia. Hajapanga kukuaibisha, kwa sababu bado hajui kwamba wewe una aibu. Kumrudi mtu ni kumwonyesha njia aliyoiacha, na huyu njia mbili bado hazioni. Ukimpiga anajua tu kwamba baba anauma. Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso, katika sura ya 6, akina baba wasiwachokoze watoto wao. Aliwataja akina baba.

Na nisiposema hili nitakuwa sijafanya kazi yangu. Kofi la shavuni hupasua ngoma ya sikio la mtoto. Kumshika mabega na kumtikisa kwa hasira humwagisha damu ndani ya kichwa, na nje hutaona jeraha. Watu waliofanya hivyo hawakuwa makatili, walikuwa wamechoka na walikuwa wanatazamwa.

Akijibwaga, mwondoe palipo na hatari, kisha chuchumaa karibu yake. Sema maneno machache kwa sauti ya chini: "Umekasirika. Ulitaka ile. Leo hapana." Halafu nyamaza. Usimpe alichokililia, maana ukimpa umemfundisha njia, na usimhubirie, hasikii. Kilio kikikatika mkumbatie mwendelee na safari. Watu watatazama, waache watazame. Pia chunguza saa: mtoto wa umri huu anahitaji kulala jumla ya saa 11 mpaka 14 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, na wewe labda unampeleka sokoni saa saba, jua la Urambo liko utosini, hajala wala hajalala. Nenda asubuhi. Na "hapana" zako zipunguze, ziwe chache zisizobadilika: moto, kisu, barabara, kumpiga mwenzake.

Jambo la mwisho nakuambia kama dada yako. Mwaka huu au ujao utamfundisha kusali, na neno la kwanza la sala hiyo litakuwa "Baba". Kichwani mwake litakuwa na uso wako.

Mama mkwe wangu alifariki mwezi uliopita. Mwanangu ana miaka miwili na miezi tisa, walikuwa wanalala pamoja. Tulimwambia bibi amesafiri kwenda Mpanda. Sasa kila akisikia honi ya treni anakimbilia mlangoni anaita "Bibi!" Tunaishia kulia wote. Tumwambieje? Sisi ni Wakatoliki. (Mama, Tabora mjini)

Poleni sana, na Mungu ampumzishe mama yenu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa.

Mwambieni ukweli wiki hii. Treni itaendelea kupiga honi, na kila honi inamwahidi kitu ambacho hakitakuja. Baadaye ataanza kujiuliza kwa nini bibi anayempenda amekataa kurudi, na hilo litamuumiza kuliko kifo chenyewe. Mpakate, baba awepo pia, mseme kwa maneno mafupi: "Bibi aliumwa sana. Mwili wake ukaacha kufanya kazi. Amefariki. Harudi tena na treni. Sasa yuko kwa Mungu, na sisi tunampenda." Msiseme amelala, maana huyo aliyekuwa analala naye ataogopa kufumba macho. Wala msiseme Mungu alimchukua kwa sababu alimpenda. Usiku huo atawaza Mungu anampenda nani mwingine humu ndani.

Atasikiliza, ataomba maji, atakwenda kucheza. Kesho atauliza tena bibi yuko wapi, na keshokutwa, na mwezi ujao, kwa maneno yale yale. Mjibuni kwa maneno yale yale. Mtoto wa umri huu hawezi kushika "milele", anaishika kidogo kidogo kwa kurudiarudia. Mkilia mbele yake si vibaya, mwambieni tu, "Mama analia kwa sababu amemkumbuka bibi." Anaweza kurudia kukojoa kitandani au kukung'ang'ania kwa wiki kadhaa. Mpokee. Mtafutieni mtu mmoja wa kulala naye, asizungushwe kila usiku kwa mtu mwingine, na mpeni khanga ya bibi ajifunike. Msiifue kwanza.

Imani yenu ina mlango mzuri wa hili. Mnawaombea marehemu, na tarehe 2 Novemba mnakwenda makaburini. Mpelekeni hata kabla ya siku hiyo, abebe ua, aliweke mwenyewe. Jioni mkisali, acheni amtaje bibi kwa sauti yake. Na honi ikilia akakimbilia mlangoni, mfuate, mkae kizingitini mtazame njia pamoja, umwambie, "Ile ni treni ya watu wa Mpanda. Bibi hayumo." Ataacha polepole.

Nimejifungua wiki tatu zilizopita. Mama yangu analambisha kichanga asali kila asubuhi, ya mizinga yetu wenyewe, safi kabisa. Na kaka yake wa miaka miwili anadai yake. Kuna ubaya? (Mama, Sikonge)

Kwa kichanga, upo. Asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachotengeneza sumu ndani ya utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na usafi wa mzinga hauzuii, kwa sababu mbegu hizo zinatoka kwenye udongo na vumbi. Hata ya Sikonge, ambayo mimi mwenyewe naipenda kuliko zote. Mwezi wa kwanza mpaka wa sita ni ziwa peke yake, hata maji hapana. Mama aweke mkono wake kichwani pa mtoto amwombee, asali ingoje mpaka atimize mwaka. Ukiona choo kimefunga siku kadhaa, ananyonya kwa shida, kilio kimekuwa dhaifu au shingo inalegea, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie alilamba asali. Yule wa miaka miwili mpe kidogo, kisha mpige mswaki kabla hajalala.